Mfalme wa Siku ya Kaunti

Toh Bropleh alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la samaki, na kama ulikulia mji wetu, basi kichwa chako kimepita mikononi mwake. Lakini watu walimwita Mfalme, kwa sababu kila Siku ya Kaunti, inapoigizwa habari ya walowezi weusi walioshuka zamani kwa meli kutoka Marekani, ni yeye aliyejitanda kitambaa cha kifalme akawapokea ufukweni. Alichaguliwa kwa ajili ya urefu wake na sauti yake.

Mchezo wenyewe tuliujua wote. Walowezi wanashuka na nguo, tumbaku na kofia ndefu nyeusi. Mfalme anawaambia kwa Kigrebo, lugha yetu, wakae kwa amani, mkalimani anageuza kwa Kiingereza, mfalme anabonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya mkataba. Bendi ya shule inapiga, halafu watu wanakwenda kula wali na mchuzi mzito wa mawese. Toh aliupenda mchezo ule. Tangu mkewe afariki, alikuwa akisema siku hiyo moja ndiyo inayombeba mwaka mzima.

Mwaka ninaousimulia, sikukuu ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na wageni wazito walitarajiwa kutoka Monrovia. Kamati ikataka jukwaa la saruji, mahali pa kuona bahari vizuri. Wakachagua kichaka cha mwisho wa ufuko, na humo ndimo walimozikwa watu wa akina Bropleh. Katapila lilikuja asubuhi, Toh akiwa na mteja kitini. Alipofika mbio, mkasi bado mkononi, udongo ulikuwa umeshageuzwa.

Alikwenda kwa Mama Harmon, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyemfundisha kusoma. Mama Harmon hakumfukuza. Alimkalisha, akamletea maji baridi, akasema hakujua kama pale pana makaburi, maana hapakuwa na jiwe wala jina. Toh akamweleza kwamba wazee wake hawakuwa watu wa kuweka mawe.

"Sikukuu ikipita tutaweka kibao," Mama Harmon akasema. "Lakini mwanangu, kesho saruji inamwagwa. Wageni wameshaalikwa. Unataka nifanye nini?"

Toh akanyanyuka, akaaga. Alikwenda kwa mchungaji, akaenda kwa chifu wa mji. Wote wawili walimpa pole.

Mama yake, Ma Nyonoh, wakati huo alikuwa hatoki tena kitandani. Alipopewa habari hakulia. Akamwambia mwanawe, "Wewe ndiye watakayempa kipaza sauti. Sema."

Siku ikafika. Toh akapanda jukwaani na kitambaa chake begani, walowezi wa kuigiza wakajipanga mbele yake. Akashika kipaza sauti, akasema kwa Kigrebo, pasipo haraka:

"Tuliwapa mahali pa kulala. Hatukuwapa wazazi wetu. Leo mmemwaga saruji juu ya wazazi wetu, na mimi mwenyewe nimesimama juu yao."

Upande wetu kelele zilikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa na sinia la samaki kichwani alilitua chini, akajishika kiuno.

Mkalimani mwaka huo alikuwa Thaddeus, karani aliyeletwa kutoka Monrovia, hajui Kigrebo hata cha salamu. Akasoma karatasi yake kama alivyoandikiwa: "Mfalme anasema, karibuni rafiki zetu. Nchi hii ni yenu kama ilivyo yetu."

Wageni wakasimama wakapiga makofi. Toh akamgeukia, akaanza kusema tena, sasa kwa Kiingereza. Thaddeus akakichukua kipaza sauti kwa adabu, akamwambia, "Mzee, zamu yako imekwisha." Bendi ikaanza. Tuliona mdomo wa Toh ukienda, ila hakusikika. Walimvika ile kofia nyeusi, wakamletea karatasi. Alikitazama kidole chake, akatutazama sisi tuliomwelewa. Tulikuwa wengi, na hakuna aliyejua afanye nini. Akabonyeza.

Nyumbani mama yake alikuwa macho anamngoja.

"Umesema?"

"Nimesema, Ma."

"Wakajibu nini?"

"Walipiga makofi."

Ma Nyonoh akageukia ukutani.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Watu wakamuuliza Toh mama azikwe wapi, kwa kuwa kwao hapakuwa tena na pa kuchimba. Akazunguka siku nzima akitafuta, mwisho akakubali makaburi ya kanisa, mama yake akalazwa katikati ya majina ya watu asiowajua. Mama Harmon alikuja mazikoni, akakaa karibu na Toh, akamshika mkono. Kuhusu kibao alisema kamati imeshavunjwa na mpya haijaundwa. Toh alimwambia asante.

Mpaka leo bado ananyoa. Mfalme siku hizi ni Thaddeus, na Kigrebo chake wamemwandikia.