Mjomba Alipomwamkia Mke Wangu

Kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji nilistaafishwa nikiwa bado na nguvu, na mke wangu, aliyekuwa karani wa stoo hapohapo, akastaafishwa pamoja nami. Mjini Morogoro kila mtu alikuwa anafungua genge au kibanda cha mitumba. Sisi hatukufungua kitu. Kanisa letu dogo, mojawapo ya yale yaliyoingia nchini miaka hiyo ya ruksa, lilikuwa linatafuta wastaafu, mume na mke, wa kwenda Mwanza kuwasaidia watu kuandika historia za familia zao. Niliishia darasa la nane, mengine nimejifundisha mwenyewe, na kupanga mambo kwa utaratibu ndiko kunakonipa raha. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote.

Kiongozi wa kanisa alitupa masharti mawili. Twende wote wawili, kwa kuwa mmoja peke yake hapokelewi. Na kabla ya kuuliza koo za wengine, tumalize yetu, vizazi vinne kila upande. Upande wangu, wa Unyamwezini, niliumaliza bila shida: mimi, baba, babu, baba wa babu. Upande wa mke wangu ulihitaji safari ya kwao Mgeta.

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha kabichi, kisha tukapanda mlima kwa miguu ndani ya ukungu, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Walitupokea mjomba wake, yaani mdogo wa mama yake, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye hajawahi kuniacha nipumzike.

"Shemeji," alisema akinipa togwa, "babu zako walikuja huku kubeba mizigo. Wewe umekuja kubeba majina ya marehemu?"

"Majina ni mepesi," nikamjibu.

"Subiri uone."

Nikaanza na mjomba. Nilimwuliza nani alianza kuishi pale.

"Mimi," alisema. "Nilifyeka msitu huu kwa mikono yangu. Nyani walikuwa wengi kuliko watu. Mjerumani alipofika alinikuta nimeshajenga."

Nilimtazama. Hakuwa amenizidi hata miaka kumi na mitano. Nikamgeukia mke wangu.

"Huyo aliyefyeka ni mjomba wa mjomba wake," akaninong'oneza. "Alipokufa, jina lake akalirithi mpwa wake. Huyo naye alipokufa, akalirithi huyu."

"Kwa hiyo ni watu watatu."

"Ni mmoja."

"Mbona umehesabu watatu?"

"Wewe ndiye umehesabu."

Nikauliza kuhusu baba wa mke wangu na babu mzaa baba. Mjomba alifikiri kwa adabu, kama mtu anayeulizwa habari za jirani, akasema hao walikuwa watu wazuri, wenye ukoo wao, tukawaulize kwao, ng'ambo ya bonde. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mpango wangu wote ulitegemea upande ambao wao hawakuushughulikia.

Basi nikashika upande walioutaka. Nikauliza habari za bibi mzaa mama: alizaliwa wapi, alizaa wangapi, nani alikaa mahali pake. Mjomba akaacha kunywa. Alisema jina la bibi lilichukuliwa na mama mkubwa wa mke wangu, na kwamba mama mkubwa alifariki masika yaliyopita. Tangu hapo jina liko wazi. Nikauliza tena, kwa makini, ili nisikosee: liko wazi, yaani hakuna mtu? Hakuna, alisema. Akamtazama mke wangu kwa muda mrefu, kisha akatoka kwenda kuita watu.

Shemeji ndiye aliyenieleza. Nyumbani kwao, mtu haulizi habari za marehemu ambaye jina lake liko wazi mpaka awe ameleta mtu wa kukaa mahali pake. Mimi nilikuwa nimeuliza mara mbili, mbele ya mkuu wa ukoo, na mjukuu wa kike ameketi ubavuni pangu.

Nilimfuata mke wangu nyuma ya nyumba. "Ulijua?"

"Nilijua ulipouliza mara ya pili."

"Mbona hukunizuia?"

"Ulikuwa unauliza vizuri."

Nilimkumbusha Mwanza. Alisema amesikia.

Kesho yake walimketisha kwenye mkeka, wakamfunika kaniki, wakamkabidhi jembe la bibi. Hapakuwa na kelele. Mjomba, aliyempakata mke wangu alipokuwa mchanga, alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika papo hapo, kwa sauti ambayo sikuizoea. Akamwuliza kama mguu bado unamsumbua. Kisha akamgombeza kwa kuacha mfereji wa juu uzibe.

Jioni nilimwuliza tunaondoka lini.

"Mwambie kiongozi sitaweza. Mama hawezi kuondoka siku wanawe walipompata."

"Nikienda peke yangu hawanipokei."

"Najua," alisema, na nikaona kwamba linamuuma. "Nenda kamwambie, halafu uamue utakaa wapi."

Nilishuka. Kiongozi alinisikiliza, akaniuliza kama mke wangu anaumwa. Nikasema hapana, amekuwa bibi yake. Akasema Mwanza watapelekwa wengine. Nilijaribu kukasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani: mke wangu, bibi niliyekuwa sijamwona, au mwulizaji.

Nyumba ya mjini nikampangisha fundi redio. Nikapanda lori na godoro mgongoni, nikafika mlimani nimelowa.

"Mnyamwezi amehamia kwa mkewe!" shemeji alipaza sauti ili majirani wasikie. "Mizigo ni ileile!"

Mke wangu alitoka jikoni, akalitazama godoro, akanionyesha chumba cha pembeni.

"Liweke pale, upande wa wageni."

Nililiweka. Sikujua kama ni mke wangu anayetania au ni bibi yao anayempokea mgeni, na nilisimama pale mlangoni nikisubiri acheke.