Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mama alianguka Jumanne asubuhi kwenye kijia kinachoshuka kutoka shamba letu la majani chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa umelainika. Alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Dada yangu, aliyeolewa Bomet mjini, ndiye aliyenipigia simu. Mimi nilikuwa Mulot nikipakia magunia ya mahindi kwenye lori.

"Nimekaa na mama siku tatu na kazini wananiita," alisema. "Sasa ni zamu yako. Na usianze kuniambia habari za lori."

Nina miaka arobaini na minne. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimekata maua Naivasha, nimeosha vyombo katika hoteli moja Nakuru, nimeuza viazi kando ya barabara Kedowa, nimelinda geti Kisumu. Hakuna aliyewahi kunifukuza. Huwa naondoka mwenyewe, mara nyingi baada ya kukosea jambo, kabla sijakutana tena uso kwa uso na yule niliyemkosea. Nikishafika mahali papya naanza kukumbuka nilikotoka. Nikiwa Naivasha nilikumbuka moshi wa jikoni kwetu. Nikiwa Kedowa nilikumbuka harufu ya maua ya Naivasha, ambayo nilipokuwa huko iliniumiza kichwa.

Nilifika nyumbani na begi moja. Nikamwahidi mama kwamba nitakaa mpaka plasta itolewe, wiki sita. Aliniangalia, akasema, "Sawa," jinsi mtu anavyoiambia mvua sawa.

Siku kwetu huanza na chai, halafu ukurasa mmoja wa kitabu kidogo cha tafakari ambacho mama alipewa kanisani, ndipo ng'ombe anakamuliwa. Miwani yake ilivunjika siku ile ile aliyoanguka, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Sikuwa nimesoma kitu kama hicho kwa sauti tangu nikiwa shuleni.

"Polepole," alikuwa akiniambia. "Hiyo si risiti."

Mwisho wa kila ukurasa kulikuwa na swali. Wengi, nadhani, husoma swali na kufunga kitabu. Mama alilijibu. Alibeba swali hadi zizini, akasimama karibu nami nikikamua, na akatoa jibu lake kama mtu anayetoa ripoti. Siku moja swali lilitaka tuseme ni wapi tumeuona upendo wa Mungu tangu tulipoamka.

"Mimi nimeuona hapa," alisema. "Huyu ng'ombe hajakupiga teke na hakujui."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anamaanisha.

Katika ukuta wa jikoni kulikuwa na vibuyu vitatu vya mursik, maziwa yetu yanayolazwa kibuyuni hadi yagande. Viwili vilikuwa vya nyumbani. Cha tatu kilikuwa na mkanda wa ngozi na shanga za buluu, na hicho kilikuwa changu. Mama alipanda mbegu yake mwenyewe mwaka niliotoka jandoni, na shanga nilizifunga mimi. Nilishangaa kidogo kukikuta bado kinaning'inia. Nilidhani amekiweka kama watu wanavyoweka picha ya zamani.

Kutengeneza vibuyu kwetu ni kazi ya wanawake. Mwanamume hunywa tu. Mama alipovunjika mkono, kazi hiyo ilichukuliwa na jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha chai, akakaa hadi watoto wake wakawa watu wazima. Mama ndiye aliyemfundisha. Katika wiki ya tatu jirani akawekwa zamu ya mchana, na Jumatatu dada yangu akaja kumchukua mama kumpeleka hospitali kuangaliwa mkono. Nilibaki peke yangu. Nilijua kwamba Alhamisi akina mama wa kanisa watakuja kuomba nyumbani, na kwamba kibuyu changu kilikuwa kitupu. Vile viwili vingine vilikuwa na maziwa, lakini havingewatosha wageni.

Nikaona ni nafasi ya kumfurahisha mama. Kuosha vyombo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani. Nilitazama ndani ya kibuyu: kilikuwa cheusi kama ndani ya bomba la moshi. Nikasema moyoni, huyu mama amezeeka, ameanza kuacha uchafu. Nikatia maji ya moto, sabuni ya unga na vikokoto kiganja kimoja, nikatikisa mpaka mabega yakauma. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama oili ya lori, na vipande vyeusi vikatoka navyo. Nikarudia. Mara ya sita maji yalitoka meupe. Nikachukua mkaa wowote uliokuwa jikoni, nikautikisa ndani kidogo kama nilivyomwona jirani akifanya, nikaumwaga, nikajaza maziwa yaliyochemshwa na kupoa, nikafunga.

Yeyote aliyekulia Kericho au Bomet na akakaa nyumbani ameshajua nilichofanya. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Ganda lake hunywa kila kitu. Kinasuguliwa kwa maji ya moto na ufito wa mtende uliopondwa ncha, kisha kinapakwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, na ule weusi ndio unaolinda maziwa na kuyapa ladha. Nilichokitoa hakikuwa uchafu. Ilikuwa kazi ya mama.

Alhamisi walikuja akina mama watano. Waliimba, wakaomba, wakamwombea mama mkono wake, wakaniombea na mimi "aliye safarini," ingawa nilikuwa nimesimama mlangoni. Kisha mama akaniambia nilete kibuyu chenye shanga. Nikakitikisa mbele yao na kumimina. Maziwa yalitoka meupe kabisa, bila ule ukijivu wa makaa, na mimi nikafurahi kwamba yametoka safi.

Mwenyekiti wao, bibi mrefu wa rika la mama, alipiga funda moja. Akaweka kikombe chini taratibu kama kinaweza kulipuka. Jirani yetu wa kiwandani hakuwa na adabu hizo.

"Kogo," alimwambia mama, kama tunavyowaita bibi wote wazee, "huyu ng'ombe wako siku hizi anakula sabuni?"

Mmoja akacheka na maziwa mdomoni, yakamtokea puani, na hapo nyumba nzima ikacheka.

"Mimi nilifikiri ni mdomo wangu!" alisema mwingine.

"Afadhali. Sasa tumeoshwa hadi ndani, hatuna haja ya mahubiri Jumapili."

Jirani alinigeukia. "Wewe! Mimi mtu wa samaki nimejua kutengeneza mursik, na wewe uliyenyweshwa mursik kabla ya kuota meno hujui?"

Nilikuwa bado nimeshika kibuyu. Mama alichukua kikombe cha mwenyekiti kwa mkono wa kushoto, akaonja. Akaniangalia. Ninaijua hali hiyo vizuri, dakika ile kabla mtu hajasema neno litakalonifanya niondoke mahali. Nilingoja neno.

"Kosa ni langu," mama aliwaambia. "Huyu sikumfundisha. Nilimfundisha dada yake tu."

Kicheko kilipungua. Halafu jirani akatazama kile nilichoshika, akaona shanga.

"Lakini Kogo, si hiki ni kile cha mtoto wa safari?"

Mama alianza kukusanya vikombe. Mwenyekiti ndiye aliyenieleza, bila kunilaumu, kama anayesoma taarifa kanisani. Kila wiki, kwa miaka yote niliyokuwa nje, mama alitengeneza kibuyu changu na kukijaza. Maziwa yalipoiva na mimi sijaja, alimpa yeyote aliyeingia getini kwanza siku hiyo. Daktari wa ng'ombe amekinywea. Wahubiri wamekinywea. Mtu mmoja aliyekuwa akitafuta punda wake aliyepotea alikinywea, akasahau punda, akakaa hadi saa kumi.

"Hata mimi nimekinywea," alisema mwenyekiti, "siku niliyotoka kumzika mzee wangu. Sikuwa nakuja hapa. Nilikuwa napita tu."

Waliondoka jua likiwa bado juu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nikifikiria zile wiki. Nilipokuwa nakata maua na kudhani hakuna anayejua niko wapi, kilijazwa. Nilipokaa miezi minane bila kupiga simu kwa sababu niliona aibu, kilijazwa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya upendo wa Mungu, na huwa nayakubali kama mtu anavyokubali kwamba dunia ni mviringo. Siku zote nilifikiri kwamba ili Mungu anipende inabidi kwanza nijisafishe, nitulie, nipate kitu cha kuonyesha, kisha nije. Kumbe kuna kitu kilikuwa kikifanywa kwa ajili yangu wakati huo wote, na nilipokiona nilikiita uchafu, nikakikwangua kwa vikokoto.

Mtu mwingine labda angelia. Mimi nilifunga begi.

Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Dereva wa Mulot alikuwa amenipigia kwamba lori linatoka Ijumaa saa nne, na kwamba nisipofika atamchukua mtu mwingine moja kwa moja. Nikajiambia dada anaweza kuja, jirani yupo, mama hatakosa chochote. Niliweka begi kando ya mlango.

Asubuhi mama aliliona. Alilizunguka kwenda kuchukua sukari. Tukanywa chai, nikafungua kitabu. Swali la ukurasa wa siku hiyo lilitaka kujua kama kuna jambo tunaloogopa Mungu asilione. Nililisoma haraka.

"Polepole," mama alisema.

Nikalisoma tena. Zizini, nikiwa nimekaa chini ya ng'ombe na yeye amesimama na plasta yake kifuani, alijibu kwamba yeye hana la kuficha, kwa sababu Mungu alimwona akianguka na kikapu, miguu juu, na hakuna aibu iliyobaki baada ya hapo. Kisha akangoja zamu yangu. Hakuwahi kungoja jibu langu kabla ya siku hiyo.

"Mama," nilisema, "kwa nini hukuniambia ulikuwa unakijaza?"

"Ningekuambia ili ufanye nini? Urudi kwa sababu ya maziwa?"

Niliendelea kukamua.

"Kimeharibika?" nikauliza baadaye.

"Kimeharibika. Lakini hakijapasuka."

"Kinatengenezeka?"

Akanieleza, na alieleza kama anayezungumza juu ya mbolea. Unakisugua kwa maji ya moto tu. Unakipaka makaa ya senetwet, ya senetwet si ya kila mti. Unatia maziwa kidogo, unayaacha yalale, unayamwaga. Kesho yake unaanza tena. Sabuni inatoka kidogo kidogo.

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Sabuni uliitia wewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na mimi nina mkono mmoja."

Hakuniambia nikae. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu dada yangu hadi leo anaamini mama alinibembeleza. Alichukua ndoo ndogo kwa mkono wa kushoto akaenda zake jikoni.

Nilimpigia dereva.

"Unaacha lori kwa sababu ya kibuyu?" alisema. "Ndugu yangu, umerogwa au umeokoka?"

"Niliokoka zamani. Nilikuwa nimechelewa kufika."

"Sawa, mtu wa maziwa," akasema, akakata.

Siku hiyo mama alinionyesha mti wenyewe, ule wa maua ya njano kando ya choo, ambao nilikuwa nimeupita maisha yangu yote. Alikaa kwenye kiti kifupi akaniamuru. Geuza. Usiponde sana. Hapana, chini hujafika. Watu waliopita barabarani waliona mwanamume mzima ameshika kibuyu na ufito, na jirani alihakikisha hata wasiopita wanapata habari. Maziwa ya kumwaga alipewa mbwa. Siku mbili za kwanza alinusa akaondoka. Siku ya nne alilamba. Baada ya wiki mbili alikuwa ananingoja mlangoni, amenenepa.

Kila siku nilionja nikampa mama aonje. Kila siku alisema, "Bado." Hakulisema kwa uchungu wala kwa kunifariji. Plasta ilitolewa, mkono ukawa mwembamba na mweupe kidogo, na wiki zangu sita zikaisha. Hakuna aliyetaja kwamba zimeisha. Niliendelea kusoma ukurasa, kukamua, kuchuma majani chai na kuyapeleka kituo cha kuuzia, kusugua kibuyu. Kuna siku miguu iliniwasha. Ilikuwa siku nzuri, barabara ya kwenda Narok nikaiona kichwani yote, na nikasugua kibuyu nikiwa na hasira nacho. Sijui kama hiyo nayo ni imani. Nilikisugua hivyo hivyo.

Juzi mama alionja. Akaonja tena. Wakati huo huo geti liligongwa, na alikuwa jirani yetu akitoka zamu, anakuja kuangalia kama kuna kichekesho kipya. Nikachukua kikombe kumpelekea, kwa kuwa ndiye aliyeingia kwanza.

"Huyo ana chai yake," mama alisema. "Hicho kunywa wewe. Mwenyewe yupo."

Nilikaa nikanywa. Sabuni ilikuwepo bado, mbali kabisa, nyuma ya moshi. Nilimaliza kikombe.