Kikombe Nilichompikia Kaka

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msianze kunicheka. Mimi niliishia darasa la nne, na kahawa nimeijua uzeeni. Mkitaka kucheka, someni kwanza mpaka mwisho, maana hata mimi hasira bado haijaniisha.

Kwetu ni Kagera. Nilizaliwa katikati ya mibuni ya baba, ila kahawa tuliyoijua ni ile ya kutafuna. Inachemshwa na majani, inakaushwa, mgeni akifika anawekewa punje kiganjani hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Iliyobaki inauzwa. Kuinywa, hapana. Nimeolewa Mwanza, nimezeekea Mkuyuni, nakunywa chai kama watu wengine.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa akapiga simu kwamba anang'oa mibuni yote ya baba apande parachichi.

"Imezeeka," akasema. "Na wewe mwenyewe hujawahi kuinywa. Unalilia nini?"

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nikamwambia, "Nitumie gunia moja. Vuli ikikaribia njoo hapa kwangu nikupikie kikombe. Ukikikataa, ng'oa." Akakubali.

Kahawa safi nilikuwa nimeionja mara moja tu, binti yangu aliponipeleka kwenye mgahawa mjini tukitoka kliniki. Ilikuwa na uchungu kidogo, halafu utamu ukabaki nyuma ya ulimi kama wa ndizi mbivu. Basi nikarudi kwa yule mpishi wa kahawa, nikamhoji mpaka akachoka. Chagua punje moja moja, akaniambia. Kaanga taratibu. Saga pale pale unapotaka kunywa. Kahawa na maji, vyote pima kwa mizani.

Nikafanya yote. Nilikaanga nikikoroga mpaka bega likauma. Nilitwanga kwenye kinu, nikaona unga haulingani, nikanunua mashine ya mkono ya kusagia. Nilishona vitambaa vya kuchujia. Na kila kikombe kilikuwa na kitu kibaya mwishoni, kitu nisichoweza kukitaja jina. Nikasema ni maji ya bomba, yana dawa. Nikatumia ya mvua. Kipo. Nikalaumu kitambaa, nikashona kingine. Kipo. Nikalaumu mkaa, nikahamia kwenye gesi. Kipo!

Mke wa mwanangu, ninayeishi naye, nilikuwa namwonjesha.

"Sema!"

"Ni kahawa, mama."

"Ni kahawa maana yake nini?"

"Si chungu, mama? Kahawa yote ni chungu."

Huyo naye! Anauza dagaa sokoni, na akitafuna dagaa mmoja tu anakwambia walianikwa mchangani au juu ya chanja. Kwenye kahawa, bubu.

Kaka akashuka melini asubuhi, akafika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Haya, ilete hiyo dawa yako."

Nikapima, nikasaga, nikamimina maji kidogo kidogo. Akakisogeza kikombe puani, akanitazama.

"Umenipikia mchuzi?"

"Mchuzi gani? Hujaonja hata!"

Akaonja. "Dagaa," akasema. "Tena wakavu. Mdogo wangu, hilo gunia unaliweka wapi?"

Gunia lilikuwa stoo. Stoo hiyo hiyo wanakokaa dagaa wa mkwe wangu, magunia yamepandana mpaka juu, miaka yote. Sisi wa nyumba hii harufu ile hatuisikii tena. Kahawa ikakaa inaivuta miezi yote, na mimi huku nalaumu maji na mkaa.

Mkwe wangu akapiga magoti. "Mama, nilipeleka pale kwa sababu ni pakavu."

"Simama. Ni mimi niliyekwambia upeleke."

Nikamgeukia kaka. "Kahawa haina kosa. Kosa ni la stoo. Nitumie nyingine."

"Tulikubaliana kikombe kimoja. Nimekunywa kilichokuwemo."

Alikimaliza lakini, mpaka tone la mwisho, sijui kwa nini. Halafu akasema mibuni ya upande wa kaburi la baba ataiacha. Iliyobaki inang'oka. Na aling'oa wiki ile ile aliyorudi. Sijaenda kuangalia.

Alipoondoka, mkwe wangu akaliburuta gunia mpaka uani, bado limejaa zaidi ya nusu, akauliza alimwage kwenye shimo la taka au ampe jirani anayefuga nguruwe. Nikamwita yeye, mume wake na watoto wao wakubwa, nikawasimamisha mbele ya lile gunia.

"Hili halimwagwi. Shamba la baba halitazaa jingine. Kila asubuhi nitapika, na hakuna mtu atakayevuka mlango huu hajanywa kikombe chake. Sukari hakuna, na pua msizibe. Mpaka liishe."