Boksi la Ulaya

Gari langu halikuwa na themostati. Fundi mmoja wa Kilosa aliing'oa miaka mingi iliyopita, akaniwekea kiganjani hicho kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Mzee, hii ni ya nchi za baridi," akasema. "Hapa kwetu inakuletea ugonjwa bure." Nilimwamini, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka na yeye alikuwa na spana.

Miezi kumi ya mwaka hapakuwa na neno. Lakini ikifika Juni na Julai, asubuhi ukungu unaposhuka kutoka milimani, mshale wa joto ulilala chini kabisa, hita ikapuliza upepo wa friji, na kioo cha mbele kikafunga mvuke hadi nikawa naendesha huku nafuta kwa soksi. Mtu mwenye akili angerudisha themostati. Mimi niliangalia video.

Kwenye video, mzungu mmoja aliyevaa makoti mawili alikuwa anaziba rejeta kwa boksi ili upepo wa theluji usiipoze injini. Nikamwonyesha mke wangu. "Ulaya wanafanya hivi," nikamwambia.

"Ulaya ipi? Hii ya njia ya Mikumi?"

Maana kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na mke wangu hajawahi kunisikiliza kwa heshima ninayodhani nastahili. Nikakata boksi la mafuta ya kupikia, nikalifunga mbele ya rejeta kwa waya.

Siku niliyochagua kulijaribu ilikuwa mbaya kuliko zote. Mama mkwe alitakiwa awahi Mikumi basi la Iringa linalopita saa nne asubuhi. Dada yake, ambaye walizaliwa naye wawili tu, angepasuliwa koo kesho yake huko Iringa, na madaktari walishasema wazi kwamba sauti huenda isirudi. Kwa simu ilikuwa haiwezekani tena, kilikuwa kinasikika kimkwaruzo tu. Mama mkwe alitaka kuisikia sauti ya dada yake mara ya mwisho, na basi la baadaye lingemfikisha muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, mimi na mama mkwe hatukuwahi kuvuka shikamoo na marahaba. Si ugomvi, ni adabu ya ukwe. Akiwa na neno kwangu humpa binti yake anifikishie, hata kama nimekaa pale pale nasikia. Asubuhi ile alipanda kiti cha nyuma, akajifunika kitenge, akasubiri. Alisubiri sana, kwa sababu video ilisema injini ipashwe moto kwanza, nami niliipasha hadi jirani akatoka kuuliza kama tunahama. Tukaondoka saa moja badala ya saa kumi na mbili.

Mwanzoni boksi lilifanya kazi. Mshale ulipanda hadi katikati, hita ikatoa joto, na mimi nikapiga mluzi. Kisha jua likatoka.

"Mwambie mwenzio," sauti ikatoka nyuma, "jua limeshapanda."

Mke wangu akaniambia. Nikajibu, "Mwambie mama, nimeliona, ni zuri."

"Mwambie mwenzio, marehemu baba yako pale karakana ya reli alikuwa hapendi kuona injini imevalishwa nguo."

Nilidhani amemkumbuka mumewe. Nikasema kwa huzuni ya kutosha, "Mwambie mama, Mungu amrehemu." Wakati huo mshale ulikuwa umepita katikati, na ukweli ni kwamba niliuona. Niliwaambia geji ni mbovu. Boksi lilikuwa wazo langu, na sikutaka life mbele ya mama mkwe.

Tulichemka Ulaya. Mvuke ulitoka kwenye boneti karibu kabisa na kibao cha kijiji. Mke wangu akakisoma kibao, akanitazama, akashusha kioo. Nikatoka kama mtu anayejua kazi. Nikafungua boneti, nikakunja taulo mkononi, nikaupelekea mkono mfuniko wa rejeta.

"Baba, acha."

Niligeuka kumtafuta aliyesema. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, kitenge amekifunga kiunoni.

"Maji yatakurukia usoni. Ukiungua wewe, mimi simsikii dada yangu."

Nikaondoa mkono. Niliona aibu ambayo kwa mara ya kwanza asubuhi ile haikuhusu gari. Mama wa watu alikuwa amebeba jambo kubwa kiasi kile, na mimi nilikuwa nalinda heshima ya boksi.

Alilichomoa mwenyewe. Tukangoja injini ipoe, yeye akiangalia saa na kuninyima ruhusa kila nilipoinuka. Hatimaye akakubali, nikaongeza maji taratibu. Akamhamishia binti yake nyuma, akakaa yeye mbele, jambo ambalo wazee wake wasingeamini.

"Washa hita mpaka mwisho. Joto litoke kwenye injini, lije kwetu."

Hivyo ndivyo tulivyoingia Mikumi, watu wazima watatu wenye masweta, madirisha wazi, hita inatuunguza magoti, mama mkwe macho kwenye mshale. "Punguza," alisema. "Haya, nenda." Basi lilikuwa limeshawasha injini. Alipanda bila kuniaga, nami nikabaki nimeshika boksi.

Jioni alimpigia mke wangu simu, akasema kwamba alimkuta dada yake akiwa bado ana sauti, ndogo, na kwamba waliitumia yote.

Upasuaji ulikwenda vizuri, sauti haikurudi. Baada ya wiki mbili nilikwenda Mikumi peke yangu kumpokea mama mkwe. Themostati nilikuwa nimeirudisha. Nikamwamkia, akaitikia, nikamfungulia mlango wa nyuma kama inavyotakiwa. Akausukuma ukafunga, akazunguka, akakaa mbele. Tukashika njia ya kurudi.

"Baba," akasema, "tuwe tunaongea."

Nikasema ndiyo, mama. Akaanza na lile boksi.