Mume wa Nesi Mgeni

Nilimwonea wivu yule binti tangu wiki ya kwanza, na sitadanganya kwamba umeisha.

Alihamishiwa zahanati yetu ya Pito akitokea mjini, umri wake ningeweza kumzaa. Yeye akiwa bado shule ya msingi, mimi nilikuwa nesi pale. Mzee mwenye kikohozi akija ananuka tumbaku, nilimwambia, "Acha kuvuta, mzee," huku naandika dawa, kisha namwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu, na sote kazini tuliamini kwamba mzee aliyezoea haachi. Yule binti alikuwa anakaa nao. Anawauliza wanavuta saa ngapi, wakiwa na nani, kama wamewahi kujaribu kuacha. Foleni yake niliimalizia mimi, nikinung'unika.

Kisha akaja baba yangu.

Baba hupanda tumbaku nyuma ya nyumba na kuisokota kwenye gazeti. Kifua kilikuwa kimembana tangu baridi ilipoanza. Akipanda kilima kidogo tu, anasimama na kushika magoti. Nilikuwa nimemsihi, nimemtisha, nimelia. Alinijibu, "Sawa, mwanangu," akatoka nje kuvuta.

Yule binti alipiga goti, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa. Halafu akaanza utani.

"Mume wangu, mbona unanuka hivi? Mimi siolewi na jiko la kuni!"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kwetu mjukuu ni mke wa babu, na yeyote wa umri wa mjukuu anaweza kumtania atakavyo. Mimi binti yake siwezi. Neno langu likizidi kidogo, nimekosa adabu. Nilisimama na kipimo cha presha mkononi, nikamsikia baba akimweleza mgeni mambo ambayo hakuwahi kuniambia: kwamba alianza kuvuta akiwa kijana, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na kwamba sasa anaogopa kufa kwa kukosa pumzi.

Kabla hajaondoka, baba alimkabidhi yule binti kikopo chake cha tumbaku. Yeye, si mimi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua.

Na aliacha kweli. Hamu ikimshika, alitafuna mahindi ya kukaanga. Siku za kliniki alikuja amevaa koti lake la kanisani, akapita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo, akaenda kwa mke wake. Nilifurahi anapumua. Roho iliniuma vilevile.

Mwezi uliopita alikuja siku ambayo binti yuko mapumziko.

"Mke wangu yupo?"

"Nipo mimi, baba."

Akaketi kwenye benchi. "Nitamngoja."

Nilisikia harufu ya moshi kabla sijamfikia. Alikuwa ametoka msibani, na wazee wenzake walikuwa wamempa msokoto. Maneno yote ya zamani yalinijaa mdomoni.

"Nilitaka nimwambie yeye," baba alisema akitazama sakafu. "Tuanze upya naye. Wewe utalia."

Machozi yalikuwa yameshanitoka. Nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo, nikampigia binti simu.

"Samahani kwa kukusumbua," nilisema. "Njoo. Mume wako anakungoja."