Simu Isiyofunguka Mgongo

Mamangu ana simu ambayo mgongo wake wafunguka kwa ukucha. Ni simu ya tachi kama nyingine, yaingia mtandao, yapiga picha, ila ni nene kama kipande cha sabuni ya mche na kioo kina ufa kutoka pembe hii hadi ile. Ukibandua kifuniko waona kila kitu: betri, laini mbili, na memori kadi. Mama huifungua hata bila sababu, akaipuliza ndani, akaifunga. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, "Naangalia kama wote wapo."

Yangu mimi kakangu aliniletea kutoka Nairobi nilipomaliza fomu foo. Nyembamba, mgongo wa kioo, haina mlango wala dirisha. Mama aliigeuza mara kadhaa kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumenya yai.

"Hii yafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi, mama."

"Na betri ikifa?"

"Haifi haraka. Ni ya kisasa."

"Kila kitu chafa, mwanangu. Hata mchungaji wetu na unene wote ule atakufa."

Nikamwelezea sababu zao hao wanaotengeneza, vile nilivyozisoma. Ati wameiziba ili maji yasiingie, na ili iwe nyembamba. Mama akauliza kwani mimi huenda nayo kuoga. Na huo wembamba, akasema, wa nini, kwani naipitisha chini ya mlango? Nilimwona ni mtu aliyepitwa na mambo, na niliendelea kumwona hivyo mpaka transfoma ya kwetu Mtongwe ilipolipuka.

Ililipuka Jumapili, katikati ya maombi ya kuombea taifa. Mchungaji akapaza sauti, akasema huyo ni adui. Hakuwa adui, ilikuwa transfoma. Watu wa stima walikuja baadaye, wakaitazama kutoka chini, wakaipiga picha, wakaenda zao. Mtaa mzima ukabaki gizani, na kila mtu akawa anaelekea sehemu moja: kwa ami wa kuchaji.

Huyu ami ni mzee wa makamo, ana kibanda karibu na barabara, na juu ya bati ameweka sola. Zamani alikuwa kinyozi, kwa hiyo kioo kikubwa bado kipo ukutani na viti ni vilevile vya kunyolea. Wenye simu za kufunguka humwachia betri peke yake. Ana zile chaja za kubana, anaibana betri, taa yawaka nyekundu, nawe waenda zako na simu yako. Akipokea betri kuukuu huizungusha kwanza mezani kwa kidole. Ikizunguka kama pia, ujue imevimba, na ami atakutazama kama daktari mwenye habari mbaya.

Mama alikuwa na betri mbili. Moja kazini ndani ya simu, nyingine kwa ami yala stima. Maisha yake hayakubadilika hata kidogo. Aliendelea kupiga simu, kusikiza mahubiri yake na kunicheka.

Mimi ilinibidi niache simu nzima. Simu nzima, na laini yangu, na picha zangu, na mambo niliyoandikiana na watu ambao mama hawajui.

"Weka hapo, binti," ami akaniambia. "Haiibwi."

Kuibiwa sikuogopa. Niliogopa kusomwa.

Najua mtu atasema, si ungetoa laini ukaitia kwa simu ya mama? Tulijaribu. Laini yangu ni ile ndogo kabisa, na tundu la simu ya mama ni la laini kubwa. Ikatumbukia ndani ikawa yacheza kama punje ya mchele kwenye kibuyu. Tukaishika kwa selotepu, ikasoma kidogo, ikaacha. Na pawabenki nayo yataka stima ili ikupe stima. Kipofu kumwongoza kipofu, hata Biblia ilishasema mwisho wake ni shimoni.

Shida ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nangojea simu. Kulikuwa na ofisi moja Changamwe ya kutoa mizigo bandarini, walitaka msichana wa kukaa mapokezi, na nilikuwa nimepeleka barua. Waliniambia watanipigia. Na mama alikuwa ameshasema lake: nisipopata kitu kabla mwezi haujaisha, naenda Kaloleni kukaa na bibi na mbuzi wake. Bibi nampenda. Mbuzi wake siwapendi. Na huko kupanda mnazi kutafuta mtandao si maisha ya mtu aliyesoma.

Basi siku moja simu ilizima kabisa. Nikaipeleka kwa ami asubuhi, nikarudi nyumbani kufua, moyo wangu ukabaki kibandani. Niliporudi kuichukua nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kunyolea, mikono kifuani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, binti. Ngoja nikupe habari. Niliiwasha nione kama yala, ukapigiwa."

"Na nani?"

"Mama mmoja, sauti ya kibara. Ana haraka kama wewe, mwafanana."

"Ulipokea?"

Akanitazama kama nimemtukana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwa ami simu ikilia si kelele, ni mtu anabisha hodi. Utamwacha mgeni mlangoni agonge mpaka achoke, na wewe uko ndani umekaa?

"Akasema nini?"

"Kwanza tulisalimiana."

"Ami!"

"Sasa wataka nianzie mkiani? Nikamuuliza hali, akasema nzuri. Nikamuuliza za huko, akasema njema. Nikamuuliza watoto..."

"Ulimuuliza watoto?"

"Mtu mzima, mama wa watu, nisimuulize watoto? Kisha akauliza mwenye simu yuko wapi. Hapo nikafikiri. Niseme ameitupa simu hapa ameenda zake? Mtu wa kazi atakuonaje? Nikasema, wallahi, mama, huyu binti yuko Kaloleni, amefiwa na bibi yake."

Nikakaa juu ya kreti la soda.

"Ami, bibi yangu hajafa."

"Alhamdulillahi!" akasema, kwa moyo mweupe kabisa. "Basi hiyo ni habari njema."

"Na ukasema wewe ni nani?"

"Ami yake. Kwani wewe waniitaje?"

Yule mama, ami akaniambia, hata hakukasirika, alisema pole na kwamba ataandika ujumbe. Nikaichomoa simu palepale. Ujumbe ulikuwapo, na chini yake barua ya ofisi. Nikaibonyeza ifunguke. Simu ikaniambia nafasi imejaa.

Imejaa nini? Nilipoingia ndani kutazama, nilitaka kulia na kucheka. Maua. Kila siku ya Mungu shangazi zangu hutuma kwenye kundi la ukoo picha ya waridi limeandikwa asubuhi njema yenye baraka, na simu yangu ilikuwa imeyameza yote. Na kwaya. Na mtoto wa binamu anakula ugali, kutoka pembe tatu tofauti.

Mama alinikuta mlangoni kwetu nafuta kwa kidole gumba kama mtu anayeua chawa. Akafungua mgongo wa simu yake, akatoa ile kadi, akaishika juu niione.

"Hapa nina harusi ya dadako, matanga ya babako mkubwa, na kwaya tangu enzi za mchungaji yule mwembamba. Hii ni simu ya tatu, kadi ni ileile. Na bado pana nafasi. Yako ingekuwa na tundu ningekuazima."

"Haina tundu, mama."

"Naona. Waliihurumia, maji yasiingie."

Nikawa nafuta kwa hasira, bila kutazama vizuri. Barua ilipofunguka ndipo nikagundua nimefuta pia video ya siku tuliyomaliza mtihani, wasichana wote na sare zao twamwagiana maji uwanjani, hata yule aliyehamia Garissa ambaye hatujamwona tena. Sikuwa na nakala. Ningekuwa na kadi ya kutoa na kutia, ingekuwa imelala mahali salama. Hapo sikuwa na mzaha. Nilikaa na ile simu nyembamba mkononi nikaichukia hasa.

Barua yenyewe ilisema niende Ijumaa asubuhi na vyeti vyangu. Chini yake yule mama wa ofisi aliongeza: pole sana kwa msiba, ila kama bado uko matangani tutachukua mwingine.

Nilipomweleza mama yote, alisimama kwanza, kisha akaketi.

"Yaani amemuua mamangu kwa ajili ya chaja?"

Akampigia bibi papo hapo ahakikishe. Akamweleza. Bibi hakushtuka, alitaka maelezo tu. Nilimsikia mimi mwenyewe, sauti yapasua spika: "Walichinja nini?"

"Hakuna, mama. Ni uongo."

"Hata kuku?"

Alihuzunika kweli. Alinituma nimwambie ami kwamba siku nyingine akimuua, aseme angalau ng'ombe.

Kisha mama akanipa ushauri, na mama ni mzee wa kanisa, ndiye aliyenifunza amri kumi kwa fimbo. "Ukifika huko usimfufue mtu. Ukipewa pole, sema ahsante, keti, jibu maswali yao."

"Huo si uongo?"

"Uongo ni wa ami. Wewe ni kunyamaza tu."

Ijumaa nikavuka feri mapema nikafika Changamwe kabla ya ofisi kufunguliwa. Ni juu, ghorofa ya kwanza, chini wauza vipuri vya malori. Yule mama alikuwa na meza iliyojaa karatasi, na simu yake ilikuwa imefungwa kwa mpira pamoja na pawabenki, kama mama aliyembeba mtoto mgongoni.

"Kaa. Pole kwa msiba."

"Ahsante," nikasema. Nikaketi. Mpaka hapo ushauri wa mama ulifanya kazi.

"Mlizika lini?"

Nikatafuta siku ya kumpa kwenye kalenda ya ukutani.

"Alikuwa anaugua ama ilikuwa ghafla? Mimi pia wangu aliniachia pengo, najua vile unasikia."

Mimi sina subira, na uongo ni kazi ya watu wenye subira. Nikaona huu utataka siku ya maziko, ugonjwa, na dawa, na mwisho nitaulizwa tulichinja nini.

"Madam, bibi yangu yuko hai. Saa hii anachunga mbuzi."

Akaweka kalamu chini. "Na yule aliniambia amekufa?"

"Ni mtu wa kuchaji simu."

"Alisema ni uncle yako."

"Mimi humwita ami. Huku kwetu kila mzee ni ami."

"Na simu yako alikuwa anashika kwa nini?"

"Kwa sababu kwetu hakuna stima, transfoma imelipuka. Na simu yangu betri haitoki. Ingekuwa yatoka ningempelekea betri, simu ningebaki nayo, ungenipigia ningepokea mimi mwenyewe, na bibi hangekufa."

Nikajua ndiyo hiyo, mbuzi waningoja. Akachukua simu yake, akaigeuza, akautazama ule mgongo usio na mlango, na ile pawabenki imening'inia.

"Hii betri ilichoka, nilipeleka kwa fundi akaniambia lazima aipashe moto ibanduke, na kioo kikivunjika ni shauri yangu. Nikamwambia wacha nitembee nayo hivi." Akaiweka mezani. "Yule mzee aliniuliza watoto wangu."

"Aliniambia. Samahani, madam."

"Tangu nihamie Mombasa hakuna mtu ameniuliza watoto wangu." Alisema hivyo akitazama karatasi, si mimi. Kisha akachukua vyeti vyangu, akavipitia haraka haraka, akaniuliza kompyuta najua kiasi gani, akaniandikisha barua moja nikaichapa na makosa mawili, akayazungushia wino mwekundu.

Nikangoja lile neno. Kila aliyewahi kutafuta kazi analijua: tutakupigia. Nilikuwa hata nimeshaanza kuinuka.

"Sitakupigia," akasema. "Nikipiga hiyo simu yako nitaambiwa sasa ni wewe umezikwa. Kuja Jumatatu, saa mbili. Tuone mwezi wa kwanza utaenda aje."

Sikumbuki kama nilisema ahsante. Nakumbuka nilishuka ngazi vibaya nikampiga kikumbo mtu aliyebeba tairi.

Jioni nilipita kwa ami kabla ya kwenda nyumbani, maana hata hasira nilikuwa nimezimaliza. Nikampa habari. Akashika ndevu zake, akawageukia watu wote waliokuwa wakingoja betri zao, akawaambia, "Mwasikia? Si nilimsemea vizuri?"

"Ami, nusura unikoseshe kazi."

"Nusura si kitu. Umekosa? Hukukosa." Akanyoosha mkono, nikampa simu, akaichomeka. "Haya. Na hiyo Jumatatu mtu akipiga hapa akikuulizia, nimwambie uko wapi?"

"Jumatatu simu nitakuwa nayo mwenyewe, huko ofisini kuna stima. Lakini akipiga leo au kesho, mwambie nimepata kazi."

Ami akafikiri, akatikisa kichwa polepole.

"Hilo hawataliamini," akasema. "Hebu nitafutie lingine."