Dakika Arobaini

Wauguzi wenzake wodini walimpachika jina la Bi Kiganja, kwa sababu akiingia zamu hutaka kuona mikono ya wagonjwa kwanza, nyuso baadaye. Hakulikasirikia. Walikuwa wageni pale. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ile.

Kazi yake ilikuwa kuwapokea wagonjwa waliotoka kupimwa moyo. Daktari hupenyeza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, akaupandisha hadi moyoni. Akiutoa, tundu linabaki, na damu ya mshipa ule haitiririki, inaruka. Ndipo mgonjwa anavishwa bangili ya plastiki yenye kifuko kinachojazwa hewa kwa bomba la sindano, kikandamize tundu. Baadaye muuguzi hupunguza hewa kidogo kidogo, macho hayabanduki. Damu ikichungulia, anairudisha hewa.

Alikuwa na miaka kumi na minne kazini alipoletewa mwandika mabango, mtu wa makamo, mcheshi, rangi ya bluu imemganda kwenye kucha. Alisema mkewe hajawahi kununuliwa bangili, na leo amevishwa yeye. Wakacheka. Muuguzi akapunguza hewa mara ya kwanza, pakavu. Mara ya pili, pakavu. Mgonjwa akalalamikia baridi, naye akamfunika shuka hadi kidevuni, mkono ukiwa ndani. Papo hapo mzee wa kitanda cha mwisho akazirai, muuguzi akakimbilia huko.

Alirudi baada ya dakika arobaini. Kwenye faili aliandika ishirini.

Shuka lilikuwa jeupe, halina hata doa. Alipolifunua, kifundo kilikuwa kikavu kama alivyokiacha, ila mkono wote hadi kwenye kiwiko ulikuwa umevimba, umekaza, ngozi inang'aa. Damu ilikuwa imevujia ndani. Alirudisha hewa, akakandamiza, akaita madaktari. Jioni walimpasua mkono kuupunguzia shinikizo. Uhai ulibaki, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikufanya kazi tena.

Hakuna aliyemhoji. Msimamizi wa wodi alisoma faili, akamshika bega, akasema mambo kama haya hutokea.

Tangu hapo mji ukawa haumpi nafasi. Kinyozi, duka la dawa, gereji, hata ukuta ulioandikwa ni marufuku kukojoa hapa, kote aliona maandishi ya yule mwandika mabango, na K yake yenye mguu mrefu, kama mtu anayetaka kutoroka kwenye neno. Alibadili njia, njia mpya nayo ilikuwa na K zake. Jua likazipausha mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyekuja kuzipaka upya. Nyumbani alijikuta ameshika kifundo cha mumewe katikati ya chakula, anatafuta mapigo. Mume aliweka kijiko chini, akamuuliza kama yeye mumewe ameshakufa bila kuambiwa. Mke hakucheka.

Mwaka wa tatu, mwandika mabango alirudi kupimwa tena, safari hii kwa mkono wa kushoto. Muuguzi aliliona jina kwenye orodha, akaenda kwa msimamizi kuomba abadilishiwe zamu. Alifika mlangoni, akageuka. Hakuweza kumwachia mtu mwingine mkono ule.

Akavuta kigoda, akauweka mkono juu ya shuka, wazi. Kila alipotoa hewa kidogo alibonyeza vidole, akaangalia kama wekundu unarudi. Saa mbili nzima hakuinuka. Alipokwisha kuivua bangili, akasema kwa sauti ya chini:

"Siku ile nilikaa dakika arobaini. Niliandika ishirini."

Mwandika mabango alikuwa akitazama dari.

"Najua, dada. Ukutani palikuwa na saa."

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuona unahangaika na yule mzee. Nikaona maumivu yangu yanaweza kusubiri."

Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Aliomba maji, akanywa akishika kikombe kwa mkono wa kulia, kwa vidole viwili vilivyobaki, mpaka tone la mwisho.

Kesho yake muuguzi alikwenda kwa msimamizi akaomba faili lile la zamani lirekebishwe. Alipewa barua ya onyo, akahamishiwa stoo ya vifaa kwa miezi sita, kisha akarudishwa. Mwandika mabango alilipwa fidia kwa yale yaliyompata. Alihamia kwa binti yake, na hawakuonana tena.

Muuguzi alidhani akishasema atapata nafuu. Badala yake alipata lile neno moja, kusubiri. Sasa akimuuliza mgonjwa kama mkono unauma, na mgonjwa akajibu hapana, sista, niko sawa, haondoki. Hukaa palepale kitandani, akamtazama usoni muda mrefu, hadi mgonjwa mwenyewe anaanza kuogopa.